Tuzo za uandishi wa sataranji: niambie kwanza zilishindanishwa kazi ngapi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa jaji wa tuzo za uandishi wa sataranji, na kabla ya hapo nilikuwa nikiwasilisha kazi zangu mwenyewe. Kila matokeo yanapotangazwa, jina la mshindi silo ninaloanza kulitafuta. Natafuta idadi ya kazi zilizoshindanishwa katika kila kipengele. Mara nyingi haipo.

Nina sababu. Mwaka mmoja nilipewa ushindi wa kwanza katika kipengele cha uchambuzi wa mchezo, nikafurahi kama mtoto. Baadaye nilipoingizwa kwenye jopo la tuzo hiyohiyo na kuona kumbukumbu za nyuma, nikakuta kwamba mwaka ule kipengele changu kilikuwa na kazi mbili tu. Hakuna aliyenidanganya. Lakini kila msomaji aliyeona maneno "mshindi wa kwanza" chini ya jina langu alidhani nimewapita wengi, na mimi nilidhani vivyo hivyo.

Chanzo chake ni namna tuzo nyingi za aina hii zinavyoendeshwa: mwandishi au mhariri ndiye anayeleta kazi, na mara nyingi analipa ada. Huko Marekani, chama cha waandishi wa sataranji, Chess Journalists of America, hutoa tuzo kila mwaka katika vipengele vingi, tangu safu na makala hadi picha na uchambuzi. Wingi huo una faida, kwa sababu mhariri wa jarida dogo la jimbo halazimiki kupambana na jarida la taifa zima. Hasara yake ni kwamba kadiri vipengele vinavyoongezeka ndivyo kila kimoja kinavyobaki na watu wachache. Na asiyeleta kazi hayumo kabisa, hata kama ndiye aliyeandika makala bora ya mwaka. Kwa hiyo "makala bora ya mwaka" maana yake halisi ni "makala bora kati ya zilizoletwa". Sioni aibu yoyote katika kulisema hilo waziwazi.

Wengine hulinganisha tuzo hizi na Oscar ya sataranji, ambayo waandishi wa habari walianza kuwapigia kura wachezaji mwaka 1967, Bent Larsen akawa wa kwanza kuipata. Fischer aliichukua mara tatu mfululizo, 1970 hadi 1972, kisha zikaja zama za Karpov na Kasparov. Ilisimama baada ya ile ya 1988, ikafufuliwa 1995 na jarida la Urusi liitwalo 64. Ulinganisho huu haunishawishi. Aliyetilia shaka kura za 1972 alikuwa na matokeo ya mechi ya Reykjavik ya ubingwa wa dunia, ambayo Fischer aliishinda, mkononi, na viwango vya Elo, yaani alama za nguvu ya mchezaji zinazokokotolewa kutokana na matokeo yake, ambavyo FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ilikuwa imeshavikubali tangu 1970. Uandishi hauna Elo. Anayetaka kuhakiki uamuzi wetu hana pa kuanzia ila kile tunachomwonyesha sisi wenyewe.

Halafu kuna suala la nani anamwamua nani. Ulimwengu wa uandishi wa sataranji ni mdogo mno. Mwenye ujuzi wa kupima uchambuzi wa mwisho wa mchezo wenye ngome na askari wanne ndiye huyohuyo anayeandika uchambuzi wa namna hiyo, anayeuhariri, au aliyewahi kufanya kazi chini ya mhariri wa mshindani. Kudai majaji wasiofahamiana na waandishi ni kudai majaji wasioujua mchezo. Mgongano wa maslahi hautaondoka, basi na utangazwe: jaji aseme mapema ni kazi zipi hatazigusa, na jambo hilo liandikwe kwenye matokeo. Kuficha majina ya waandishi husaidia kidogo tu. Msomaji mzoefu huitambua kalamu ya mtu kwa aya mbili.

Hata majaji waadilifu wanaweza kuharibu matokeo kwa hesabu mbaya, na hili halizungumzwi vya kutosha. Nilishakaa mbele ya jedwali la majaji watatu, kila mmoja akitoa alama hadi kumi. Makala ya kwanza ilipata 8, 8 na 5, jumla 21. Ya pili ilipata 7, 7 na 10, jumla 24. Ya pili ikatangazwa mshindi. Angalia tena: majaji wawili kati ya watatu waliiona ya kwanza kuwa bora. Yule wa tatu aliamua peke yake, si kwa sababu alikuwa na hoja nzito zaidi, bali kwa sababu mkono wake hutoa alama za juu sana au za chini sana, na wenzake hubana katikati. Tungewaomba majaji wapange kazi kwa nafasi, ya kwanza ingekuwa na nafasi 1, 1 na 2, ya pili 2, 2 na 1, na matokeo yangegeuka. Tangu siku hiyo siketi kwenye jopo linalojumlisha alama ghafi.

Kingine ni ukweli wa kinachoandikwa. Nitoe mfano wa mchezo wa Levitsky na Marshall, Breslau 1912. Katika hatua ya 23 Marshall, akicheza na weusi, alimweka malkia wake kwenye mraba wa g3, mahali ambapo askari wawili na malkia wa Levitsky wote wangeweza kumla, na kila njia ya kumla inampoteza Mweupe. Makala nyingi huongeza kwamba watazamaji walirusha sarafu za dhahabu ubaoni kwa furaha. Marshall mwenyewe alisimulia hivyo miaka mingi baadaye. Wapo wanaosema dhahabu ile ilikuwa malipo ya watu walioshindwa dau, na wapo wasioamini kwamba ilikuwapo. Mwaka fulani ilitujia makala iliyosimulia dhahabu hiyo kama jambo lisilo na ubishi. Lugha yake ilikuwa tamu kuliko zote. Wenzangu wawili waliipa nafasi ya kwanza, mimi niliiweka ya tatu, ikashinda.

Sikukasirishwa na kushindwa kwa kura yangu. Nililoumia nalo ni kwamba fomu yetu ya tathmini ilikuwa na mstari wa "mtindo", mstari wa "mvuto" na mstari wa "uhalisi", ila haikuwa na mstari wowote wa kuuliza: je, mwandishi ameonyesha amelipata wapi? Hatua za mchezo tunazihakiki, siku hizi kwa dakika chache tu, kwa kuwa Stockfish, programu ya kuchambua sataranji, iko kwenye simu ya kila mtu. Habari zinazozizunguka hatua hizo hatuzigusi. Edward Winter, mwanahistoria wa sataranji, amekuwa akifanya kazi hiyo ya kuhakiki tangu 1982 katika mfululizo wake wa makala uitwao Chess Notes, akifuatilia tarehe, nukuu na visa vinavyorithiwa kutoka kitabu hadi kitabu bila mtu kufungua chanzo. Jopo la tuzo lingeweza kufanya sehemu ndogo ya kazi hiyo: kuchagua madai matatu katika kila makala iliyofika fainali na kumwomba mwandishi aeleze yametoka wapi.

Msimu huu nimekubali kuwa jaji kwa masharti niliyoyaandika. Idadi ya kazi ichapishwe kando ya jina la kila mshindi. Kipengele chenye kazi chini ya nne kiunganishwe na kingine au kisitolewe. Majaji wapange kwa nafasi. Waandalizi wamekubali hayo yote isipokuwa la kwanza. Wanahofia idadi ndogo zitawavunja moyo wafadhili. Nimewajibu kwamba bila hilo jina langu lisiwekwe kwenye orodha ya majaji, na bado nasubiri jibu lao.