Siri ya Mungu Si Fumbo la Werevu

Jioni moja, katika darasa la Biblia ninalolifundisha hapa Mombasa, mama mmoja aliniuliza swali lililonilazimu nilianze somo upya. "Mwalimu," alisema, "ikiwa hii ni siri ya Mungu, mbona mwaitangaza kwa vipaza sauti?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki, kwa kuwa kwetu siri ni jambo la kusitiriwa, na mwenye kuitoa nje huhesabiwa kuwa amevunja amana.

Neno la Kiyunani lililofasiriwa "siri" katika Agano Jipya ni misterion, ambalo wataalamu wengi hulihusisha na kitenzi chenye maana ya kufumba, ama macho ama kinywa. Kule Eleusi, karibu na Athene, waliokwisha kuingizwa katika ibada za siri walikatazwa kuyasimulia waliyoyaona, na katazo hilo lilikuwa zito. Paulo analitumia neno hilo hilo, ila kwa maoni yangu chimbuko la fikra zake tulitafute katika kitabu cha Danieli na si Eleusi. Katika sura ya 2, mfalme Nebukadreza anaota ndoto, wenye hekima wa Babeli wanashindwa kuieleza, naye Danieli anamwambia mfalme kwamba yuko Mungu mbinguni afunuaye siri. Neno la Kiaramu lililotumika pale ni raz, lenye asili ya Kiajemi, na katika simulizi lile linataja shauri ambalo Mungu amekwisha kulikata, naye hulifunua kwa amtakaye wakati wake ukiwadia. Hakuna popote katika sura ile panapodokezwa kwamba jambo lenyewe halieleweki kamwe.

Ndugu zetu Wakatoliki husema "fumbo la imani" katika Misa, na kwa upande mmoja neno hilo linakaribia Kiyunani kuliko "siri", kwa kuwa Kiswahili kinatupa kufumba na kufumbua katika mzizi mmoja. Hata hivyo, kwa sisi wa pwani fumbo lina historia yake. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa wa mwanzo wa karne ya 19, aliwatupia mafumbo washindani wake katika miaka ya ugomvi baina ya Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, na Seyyid Said, sultani wa Omani, na tangu zamani tumezoea kuliona fumbo kuwa uwanja wa kupimana akili. Ndiyo maana tunasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Hapo ndipo waraka wa kwanza kwa Wakorintho unapoipindua methali yetu. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekeo upande mmoja na Kenkrea upande wa pili, na mtu wa Mombasa, aliyezoea Bandari ya Kale na Kilindini, hahitaji kuelezwa sana jinsi mji wa namna hiyo unavyopenda habari mpya na wasemaji hodari. Waumini wa pale walikuwa wamegawanyika, huyu akijiita wa Paulo na yule wa Apolo. Paulo anawaandikia kwamba anainena hekima ya Mungu katika siri, kisha anaongeza kuwa wenye kuitawala dunia hii hawakuijua hata mmoja, maana kama wangaliijua, wasingalimsulibisha Bwana wa utukufu. Kwa hesabu ya Paulo, basi, werevu ndio walioshindwa kuligangua, na walishindwa kwa sababu hekima yenyewe ilikuja katika sura ya mtu aliyetundikwa msalabani, jambo ambalo kwa Wayahudi lilikuwa kikwazo na kwa Wayunani upuuzi.

Hekima kutopatikana kwa ustadi ni wazo kongwe katika Maandiko. Ayubu 28 inawasifu wachimbaji wanaopasua miamba na kufuata dhahabu gizani, halafu inauliza hekima itapatikana wapi. Kilindi kinakana kwamba haimo ndani yake, na bahari nayo inakana. (Kila nikisoma mistari hiyo nikiwa Likoni, nikingoja feri, ninatazama upande wa Kilindini na kulikumbuka jina lake.) Jibu la sura ile ni kwamba Mungu ndiye aijuaye njia yake, na kwa mwanadamu kumcha Bwana ndiyo hekima. Mithali 8 inamwonyesha Hekima akipaza sauti malangoni pa mji, mahali pa watu wengi. Kwa hiyo hata pale hekima haikujificha chumbani.

Yaliyomo katika siri hiyo yameandikwa wazi. Waefeso 3:6 inasema kwamba Mataifa ni warithi pamoja na Wayahudi, na Wakolosai 1:27 inasema kwa ufupi zaidi: Kristo ndani yenu. Mtu anayedai kwamba anayo siri nyingine, ambayo huwauzia wafuasi wake kidogo kidogo, anarudi Eleusi bila kujua. Lakini kufunuliwa hakumaanishi kumalizwa. Katika Warumi 11, baada ya kuieleza siri kuhusu Israeli, Paulo huyo huyo anaishia kushangaa jinsi hukumu za Mungu zisivyochunguzika.

Nilimjibu yule mama kwa 1 Wakorintho 4:1, ambapo mitume wanaitwa "mawakili wa siri za Mungu". Hapa mjini, ukisema wakili, watu humfikiria mtu wa mahakamani, lakini Kiyunani kinamtaja msimamizi wa nyumba, yule anayekabidhiwa funguo za ghala ili awagawie watu wa nyumbani posho yao kwa wakati. "Kumbe," akasema, "akilifunga ghala, ndipo amevunja amana."