Mtoto akijigonga kichwa, mwacheni alale

Jana tena. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kaletwa kwangu hospitalini asubuhi na mama na bibi yake kutoka Chamwino, wote watatu macho mekundu. Alianguka kitandani magharibi, akalia papo hapo, akanyonya, akacheza. Kisha usiku kucha wakapokezana kumtikisa na kumnyunyizia maji usoni, kwa sababu jirani kawaambia mtoto aliyegonga kichwa akilala haamki. Maneno haya nayasikia kila mara na yananiuma, maana yanawatesa watu wanaompenda mtoto na mtoto mwenyewe hapati faida.

Usingizi hauui. Kinachoua ni damu inayovuja ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo, na hiyo itavuja hata mtoto akiwa macho. Najua hofu imetoka wapi: wapo wanaozinduka, wakaongea vizuri kwa muda, halafu wakasinzia na kuzama kwenye kupoteza fahamu. Wanazama kwa sababu ya damu. Kuwanyima usingizi hakuizibi. Tena mnaniharibia kipimo changu kikubwa! Mtoto akifika amelegea, analialia, hataki kucheza, nitajuaje kama ni ubongo au ni kukesha? Wa jana ilibidi nimlaze, nikae namwangalia, nimpime upya akiamka. Aliamka akamnyang'anya bibi yake chapati.

Kwa hiyo muda wake wa kulala ukifika, na amekuwa yule yule mnayemjua, mlazeni. Mkiwa na wasiwasi mwamsheni mara moja au mbili: afungue macho, awasukume, atafute ziwa, arudi kulala. Mara ngapi hasa? Hapo madaktari wenyewe hatukubaliani, na wengine hawamwamshi kabisa aliyeanguka kidogo. Asiyeamshika aletwe usiku huo huo.

Vivyo hivyo aliyepoteza fahamu, aliyepata degedege, anayetapika tena na tena, anayetoka damu au majimaji puani au masikioni, aliyelegea upande mmoja. Kutapika mara moja baada ya kulia sana hakunishtui.

Nundu, watu hutazama ukubwa. Mimi natazama mahali. Nundu ngumu ya kwenye paji la uso, hata ikitisha, mara nyingi inaishia kwenye ngozi. Kwa aliye chini ya miaka 2, nundu ya kisogoni au juu ya sikio, inayobonyea kama ndizi iliyoiva mno, inanitia hofu ya ufa kwenye fuvu hata kama anacheka. Mpapaseni kichwa chote, chini ya nywele. Mwenye nundu hiyo laini aje, sawa na aliyeanguka kutoka kimo cha zaidi ya sentimita 90, aliyegongwa na bodaboda, na kichanga wa chini ya miezi 3 kwa kuanguka kokote.

Wengine mkifika Dodoma mjini mnadai CT-Scan, ile picha ya ndani ya kichwa, moja kwa moja, kwa kuwa Hospitali ya Benjamin Mkapa inayo. Inayo, lakini picha hiyo ni mionzi, na mtoto mdogo pengine apewe dawa ya usingizi ili atulie. Aliye katikati, si mbaya wala si mzima kabisa, mara nyingi tunamwangalia hadi zipite saa 4 hadi 6 tangu aumie. Uhakika kamili hapo hatuna. Ndiyo maana mama akisema "huyu hayuko kawaida", kauli hiyo ni kigezo rasmi kwetu, naipima pamoja na nundu na fahamu. Anayekaa jirani naweza kumruhusu mapema. Anayerudi mbali, Mpwapwa, kwa basi la jioni, namlaza wodini.