Taarifa Zako Ziko kwa Nani? Habari, Biashara na Masomo katika Zama za Simu

Mwishoni mwa Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilizitoza faini taasisi tatu zisizofanana kwa lolote. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu, ilizozipata kwa watu wengine, kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho. Ukumbi mmoja wa burudani ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake kwenye mitandao ya kijamii bila ridhaa yake. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Mkopeshaji, mwenye ukumbi na mwalimu mkuu walikutana katika kosa moja: kila mmoja alichukua kitu cha mtu mwingine akakitumia kana kwamba ni chake.

Teknolojia ya kidijitali husifiwa zaidi kwa kasi yake, na sifa hiyo inastahili. Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi, linalogusa kwa pamoja vyombo vya habari, biashara na masomo, ni kwamba karibu kila tendo letu sasa linaandikwa mahali fulani, na maandishi hayo hutunzwa na watu tusiowajua, kwa muda tusioupanga, kwa matumizi ambayo mara nyingi hatukuulizwa. Mwananchi asiyelielewa jambo hili hawezi kufaidi vizuri huduma hizi, wala hawezi kujilinda nazo.

Tuanze na biashara, kwa kuwa huko ndiko Afrika Mashariki ilikotangulia. Zamani mwenye duka la mtaa aliandika madeni kwenye daftari, na daftari hilo lilisomwa na watu wawili tu, mwenye duka na mdaiwa. Mwaka 2005 lilianza nchini Kenya jaribio la kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kurejesha fedha zao kwa simu. Ilipofika Machi 2007, Safaricom iliizindua huduma hiyo kwa umma kwa jina la M-Pesa, safari hii ikiwa njia ya kutumiana fedha, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Watu waliipokea kwa sababu iliyo wazi: kijana aliyehamia mjini aliweza kumtumia mama yake hela ya matumizi bila kumkabidhi kondakta wa basi bahasha na kubaki akiomba ifike salama.

Lakini kila muamala uliofanyika uliandika nani ametuma, amemtumia nani, kiasi gani, saa ngapi na kwa wakala yupi. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walianzisha M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya simu, ambamo kiwango ambacho mteja angeweza kukopa kilikadiriwa kutokana na historia ya matumizi yake ya simu na ya M-Pesa. Kwa hatua hiyo kumbukumbu za miamala zikageuka dhamana. Kwa maoni yangu, msingi wa jambo hili ni mwema. Mwanamke anayeuza samaki sokoni, asiye na hati ya nyumba wala hati ya mshahara, kwa miaka mingi hakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha ofisa wa benki, ingawa fedha zilipita mikononi mwake kila siku. Simu ilimpa historia inayosomeka.

Tatizo liliingia pale wakopeshaji wengine walipotambua kwamba historia ya aina hiyo inaweza pia kutumika kumdhalilisha mdaiwa. Mtu anapoweka programu ya mkopo kwenye simu yake, programu humwomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, ujumbe mfupi, picha na mahali alipo, na mara nyingi mwombaji, akiwa na mgonjwa hospitalini au ada inayodaiwa kesho, hubonyeza kukubali bila kusoma. Akichelewa kulipa, simu huanza kumpigia shemeji yake, bosi wake, hata mtu aliyewahi kumuuzia godoro. Nchini Tanzania mikopo ya namna hii imeunganishwa na ile ya riba kubwa ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Izingatiwe kwamba shemeji na muuza godoro hawakukopa chochote. Taarifa zao zilitolewa na mtu mwingine, na hii ndiyo sababu ruhusa ya kusoma orodha ya majina haimhusu mwenye simu peke yake. Programu inayokataa kukukopesha mpaka isome majina ya watu wengine inataka rehani usiyokuwa na haki ya kuiweka.

Kumbukumbu huweza pia kuandikwa kwa jina lako bila wewe kujua. Kwa wakazi wa Tanzania, kubonyeza *106# huonyesha namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, na ni vyema kufanya hivyo mara kwa mara, kwa sababu laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumiwa kutapeli, uchunguzi utaanza kwa kukutafuta wewe. Ujumbe wa kitapeli, kama ule mashuhuri wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaweza kuripotiwa kwa kuutuma kwenda 15040. Ujumbe huo hutumwa kwa watu wengi ukitegemea kwamba miongoni mwao atakuwapo aliyekuwa njiani kulipa kodi ya nyumba, na kinga yake ni kusoma jina la mpokeaji linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri.

Upande wa habari umebadilika kwa namna isiyoonekana kwa urahisi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio kuhusu malaria, kuhara na maji safi, wakajadili kwa kufuata kijitabu na kuamua la kufanya kijijini mwao. Mtangazaji aliyekuwa Dar es Salaam hakuwa na njia ya kujua kwamba msikilizaji fulani wa Dodoma alizima redio katikati ya kipindi. Alisema yale yale kwa wote, na kwa kuwa wote walisikia yale yale, waliweza kuyajadili.

Leo jukwaa la mtandaoni linajua umesimama sekunde ngapi kwenye picha, umeirudia mara ngapi na umempelekea nani, kisha hupanga kitakachofuata kulingana na hayo. Majirani wawili wanaochota maji bomba moja wanaweza kuamka na habari zisizokutana kabisa, na kila mmoja akaamini kwamba ameona kinachoendelea nchini. Fedha za matangazo nazo zimehama. Mfanyabiashara aliyelipia robo ukurasa wa gazeti bila kujua nani atausoma, sasa hulipia kuonekana kwa wanawake wa umri fulani katika mji fulani. Chumba cha habari kilichotegemea ukurasa ule hubaki na waandishi wachache, na kazi ya kwanza kupunguzwa huwa ile ya gharama, yaani kumtuma mwandishi wilayani akae wiki nzima akifuatilia hesabu za mradi wa maji. Vichwa vya habari vyenye mshangao usiolingana na habari yenyewe vinatokana kwa sehemu kubwa na hesabu hii. Anayetaka habari za wilaya yake ziendelee kuandikwa hana budi kununua gazeti au kulilipia mtandaoni, kwa sababu usomaji wa bure nao una mnunuzi, na mnunuzi huyo anachonunua ni usikivu wa msomaji.

Katika masomo, kipimo kilikuja ghafla Machi 2020, shule zilipofungwa Kenya na Tanzania kwa sababu ya UVIKO-19. Waliokuwa na simu janja na kifurushi waliendelea na masomo kwa namna fulani. Wengi walirudi kwenye redio na televisheni, ambako vipindi vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na katuni za Ubongo Kids zilizoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, vilifika hata pale ambapo intaneti haikufika. Somo la redio lilimfikia mtoto bila kumdai jina wala umri wake. Programu za kujifunzia zilidai. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa 163 za kidijitali zilizotumika kufundishia katika nchi 49 wakati huo, na katika ripoti yake ya Mei 2022 likaeleza kwamba 145 kati yake zilikusanya taarifa za watoto, au zilikuwa na uwezo wa kuzikusanya, kwa namna iliyohatarisha haki zao. Bidhaa hizo zilipendekezwa na serikali zenyewe, kwa nia njema, katika siku za dharura. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kukubali wala kukataa masharti ya programu, na mzazi aliyeambiwa kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya mwanawe kuendelea na masomo hawezi kusemwa kwamba aliridhia kwa hiari.

Sheria zipo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data Novemba 2019, mwaka ule ule ambao ya Uganda ilitiwa saini, Rwanda ikafuata 2021. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Maneno yanatofautiana, lakini haki za msingi zinakaribiana: kuelezwa kwa nini taarifa zako zinachukuliwa, kuziona, kudai zisahihishwe zikiwa na makosa, na kupinga zisitumike kwa matangazo ya biashara. Kwa taarifa za mtoto, sheria ya Kenya inataka ridhaa ya mzazi au mlezi.

Kinachokosekana mara nyingi ni mlalamikaji mwenye ushahidi. Faini za Septemba 2023 zilitokana na watu waliolalamika. Kwa hiyo hifadhi ujumbe wa vitisho pamoja na namba iliyoutuma, piga picha ya ukurasa ulimowekwa mwanao kabla haujafutwa, andika tarehe, kisha mwandikie kwanza mwenye kampuni au mkuu wa shule ukitaja unachotaka kiondolewe, na utunze nakala ya barua. Asipojibu, peleka nakala hiyo pamoja na ushahidi wako kwa Tume nchini Tanzania, au kwa Kamishna nchini Kenya, ambaye sheria inamtaka akamilishe uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90.