Shingo haijavimba, kwa hiyo tezi ni nzima?

"Daktari, mimi sina rovu, tezi unanipimia ya nini? Nimekuja kwa ajili ya presha." Hapa Mwanza sentensi hiyo naisikia mno, na mwenye kuisema huwa tayari ameshaipapasa shingo yake na kujitolea majibu.

Rovu ni uvimbe tu wa tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Halikuambii tezi inatoa homoni kiasi gani. Wapo wenye rovu la kuonekana toka mbali na homoni zao ziko sawa. Wapo wenye shingo safi kabisa na TSH yao, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, imepaa: mara nyingi ni dalili kwamba tezi imezembea.

Na presha inahusika sana. T3, mojawapo ya homoni za tezi, hulegeza misuli ya kuta za ateri na kuusaidia utando wa ndani kutoa naitriki oksaidi, inayotanua mshipa. Homoni ikipungua, ateri hukaza, namba ya chini ya presha hupanda, na ini huzembea kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Hali ikiendelea, kuta hukakamaa. Mtu anaongezewa dawa ya presha juu ya dawa, kumbe TSH haijapimwa hata mara moja! Akianza levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya tezi, ateri hulainika kwa kiasi, na wengine presha yao hushuka.

Homoni zikizidi, mambo hugeuka: mishipa hulegea, namba ya chini hushuka, ya juu hupanda kwa kuwa moyo unapiga mbio na kwa nguvu. Usijipongeze kwa namba ya chini nzuri. Mapigo yakivurugika, damu inaweza kuganda moyoni na kuleta kiharusi.

"Tunakula sato na dagaa kila siku, madini joto tunayo." Kweli tezi huhitaji madini joto kutengeneza homoni, lakini samaki wenye madini joto mengi ni wa baharini, siyo wa ziwani. Tumia chumvi yenye madini joto, uifunike vizuri. Mwenye presha aitumie kidogo, lakini iwe hiyo hiyo.

"Niliacha dawa ya tezi wiki nzima, sikuona kitu." Hukuona kwa sababu baada ya siku 7 karibu nusu yake bado imo mwilini. Ndiyo maana TSH tunairudia baada ya wiki 6 hadi 8.

Kidonge umeze kwa maji, tumbo tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu visubiri kwa muda wa masaa manne. Mjamzito asithubutu kuacha dozi. Mara nyingi huhitaji kuongezewa, kwa hiyo aje apimwe mapema.