Beta akiugua, anza na maji

Ugonjwa wa beta, samaki mdogo wa mapambo, huanza kuonekana kwenye mapezi. Akiwa mzima huyatandaza kama kanga iliyoanikwa. Akianza kuumwa huyakunja na kuyabana mwilini, hulala chini karibu na hita au nyuma ya jani, rangi yake hupauka, na chakula kikidondoka hushtuka kidogo tu kisha hukiacha. Mwenye samaki akiona hivyo hukimbilia dukani kununua chupa ya dawa. Hapo ndipo samaki wengi hupotea, kwa sababu dawa hiyo humiminwa ndani ya maji yale yale yanayomuumiza.

Sisi tunaoshughulika na afya ya samaki wa mapambo tunasisitiza utaratibu huu: pima maji, badilisha maji, mtazame samaki vizuri kwa tochi, ndipo ufikirie dawa.

Beta, kwa jina la kisayansi Betta splendens, asili yake ni Thailand, na mwaka 2019 nchi hiyo ilimtangaza kuwa mnyama wake wa taifa wa majini. Kwao anaishi kwenye maji yaliyotulia: mashamba ya mpunga, mifereji na vinamasi. Juu ya matamvua ana kiungo cha ziada kiitwacho labirinthi, kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Kutokana na hilo watu husema beta anaweza kuishi kwenye gilasi. Si kweli. Labirinthi humpa oksijeni tu. Matamvua yake bado yamo majini saa zote, na uchafu ulioyeyuka humo huyaunguza kama ya samaki mwingine yeyote. Shamba la mpunga lina kina kifupi lakini limetanda mbali. Gilasi haina upana wala ujazo. Mwekee walau lita 20, kichujio cha sponji chenye mkondo mpole, na maji ya nyuzi 26 hadi 27 za Selsiasi.

Joto hilo Dar es Salaam au Mombasa hupatikana miezi mingi bila kifaa chochote. Nairobi, Arusha au Mbeya mambo ni tofauti: usiku wa Juni na Julai hewa hushuka chini ya nyuzi 15, na tangi dogo lisilo na hita hupoa haraka. Beta aliyepoa hasagi chakula tumboni vizuri na kinga yake hulala. Kabla ya kumwita mgonjwa, weka kipimajoto ndani ya maji ukisome asubuhi na mapema, si saa nane mchana.

Kisha pima amonia na naitraiti. Amonia hutoka kwa samaki mwenyewe na kwa mabaki ya chakula. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio huigeuza kuwa naitraiti, na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina ukali mkubwa. Katika tangi jipya bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na ndiyo maana beta wengi huugua mwezi wa kwanza baada ya kununuliwa. Amonia na naitraiti zinatakiwa ziwe sifuri. Ukiona amonia ya miligramu 0.25 kwa lita au zaidi, usingoje kesho.

Hapa kuna jambo linalowahusu hasa watu wa pwani. Ukali wa amonia hutegemea pH, yaani kipimo cha asidi au alkali ya maji. Maji ya pH 8 yana amonia ya sumu karibu mara kumi ya maji ya pH 7, hata kama kipimo kinaonyesha jumla ile ile. Maji ya visima vya Unguja au Mombasa hupita kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, hivyo mara nyingi huwa magumu, yaani yenye madini mengi, na pH yake huwa ya juu. Kiasi cha amonia ambacho samaki wa bara angekivumilia kwa siku mbili kinaweza kumuua wa pwani kwa usiku mmoja.

Kubadilisha maji kuna namna yake. Toa nusu, si yote. Maji mapya yawe na joto linalolingana na ya zamani, tofauti isizidi nyuzi 1 au 2. Ya bomba yana klorini: tia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha chupa, au yaache kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48. Lakini ukiyaacha wazi hutaondoa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo baadhi ya mamlaka za maji duniani huitumia, kwa hiyo dawa ndiyo njia ya uhakika. Sponji usiioshe kwa maji ya bomba. Ikamue ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, vinginevyo utaua bakteria wengi na amonia itarudi baada ya siku chache. Kosa hili hutendwa kwa nia njema kabisa: samaki ameugua, mwenye tangi anasugua kila kitu mpaka king'ae, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Akihitaji tiba, mhamishe kwenye chombo chake. Beseni jeupe lisilowahi kutiwa sabuni linafaa sana, kwa kuwa kinyesi, ute na magamba yaliyodondoka huonekana. Tia lita 10, kina kisizidi sentimita 15, maana beta dhaifu asipoweza kufika juu kuvuta hewa huzama na kufa. Funika, kwa sababu beta huruka, na pia ili hewa anayoivuta isiwe baridi kuliko maji. Acha upenyo. Weka jani la plastiki laini karibu na uso wa maji apate pa kuegemea. Beseni halina kichujio, kwa hiyo kila siku toa lita 5 na urudishe lita 5.

Chumvi ya kawaida isiyo na viungo ni msaada mzuri. Anza na gramu 1 kwa lita, yaani gramu 10 kwa beseni la lita 10, ambazo ni takriban vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe, kisha umimine kidogo kidogo kwa muda wa saa moja. Siku ya pili unaweza kufika gramu 2 kwa lita. Usizidishe siku 10. Chumvi haipotei kwa mvuke, kwa hiyo ukitoa lita 5 za maji, rudisha chumvi ya lita 5 tu. Anayeweka dozi nzima kila siku hukaanga matamvua ya samaki wake pasipo kujua. Ikiwa kipimo kilionyesha naitraiti, chumvi ina kazi ya ziada, kwani kloraidi huizuia naitraiti isiingie mwilini kupitia matamvua.

Sasa mtazame. Zima taa ya chumbani na ummulike ubavuni kwa tochi iliyoinamishwa.

Ukiona punje nyeupe zilizotengana kama chembe za chumvi, huo ni ugonjwa wa madoa meupe. Ukiona ungaunga mwembamba wa rangi ya dhahabu au kutu, kama vumbi la karanga za kukaanga, huyo ni kimelea kingine, Piscinoodinium, naye huua upesi zaidi kwa sababu huanzia kwenye matamvua. Wote wawili hujificha chini ya ngozi au kushikamana nayo, halafu huanguka chini, hujigawa, na kuzaa mamia ya vimelea vidogo vinavyoogelea kutafuta samaki. Dawa huwafikia pale tu wanapoogelea. Ndiyo sababu samaki huonekana amepona siku ya tatu, mwenye samaki anaacha tiba, na siku ya saba madoa yanarudi mengi kuliko mwanzo. Endelea wiki nzima baada ya doa la mwisho kutoweka. Kwa madoa meupe, pandisha joto hadi nyuzi 29 au 30, nyuzi 1 kila baada ya saa chache, ili mzunguko wa kimelea uende haraka na dawa imkute. Dawa zenye shaba hufaa kwa kimelea cha vumbi, ila huua konokono na kamba wadogo, kwa hiyo zitumike kwenye beseni.

Lakini kabla ya kupandisha joto, hakikisha. Kuna ugonjwa wa bakteria uitwao kolumnarisi, unaotoa utando wa kijivu mgongoni kama tandiko la punda, au kitu kama pamba mdomoni. Huu hupenda joto. Nyuzi 30 zinazomponya mwenye madoa meupe humuua mwenye kolumnarisi, wakati mwingine ndani ya siku moja. Hapo teremsha polepole hadi nyuzi 24 na umtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo akuandikie antibaiotiki.

Tafadhali usifungue vidonge vya tetrasaiklini vya binadamu na kuvimwaga kwenye tangi. Madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye maji magumu huikamata dawa hiyo, samaki hapati dozi, na bakteria waliobaki hujifunza usugu ambao kesho utatuhusu sisi wenyewe.

Mapezi yaliyooza huwa na ukingo mweusi, mwekundu au mweupe, na huliwa kutoka nje kwenda ndani. Pezi lililochanika kwenye jiwe huwa na mpasuko safi bila rangi hiyo. Yote mawili hupona zaidi kwa maji safi kuliko kwa chupa. Sehemu mpya huota ikiwa angavu kama nailoni. Wengi huiona wakadhani ni ukungu, wakaanza dawa upya.

Tumbo likivimba upande wa chini huku magamba yamelala, na samaki anaelea kiubavu, mara nyingi amevimbiwa. Mnyime chakula siku 2 au 3. Punje ya njegere inayosifiwa sana hatuipendelei, kwa kuwa beta ni mla wadudu; viroboto wa maji humsafisha tumbo vizuri zaidi. Akirudi kula, chembe 2 hadi 4 asubuhi na jioni zinatosha.

Mtazame pia kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama pande zote kama ganda la nanasi, mwili umejaa maji na figo zinashindwa kazi. Chumvi ya Epsomu (magnesiamu salfeti, si chumvi ya kawaida), gramu 1 kwa lita, hupunguza uvimbe kwa baadhi yao, lakini ni haki kusema wazi kwamba wengi hawaponi. Ikiwa amelala ubavu siku kadhaa, hali chakula, na anahangaika kufika juu, msitiri kwa kumuua bila kumtesa. Kumtia friza akiwa hai au kumwaga chooni ni kumtesa. Tumia mafuta halisi ya karafuu, kama yanayozalishwa Pemba: kwa lita 1 ya maji, pima mililita 0.4 kwa bomba la sindano, yatikise na maji ya uvuguvugu kwenye chupa ndogo mpaka yawe kama maziwa. Mimina kidogo kwanza, asinzie, kisha yaliyobaki. Muache humo dakika 30 baada ya matamvua kuacha kutikisika.

Wewe mwenyewe, usiingize mkono wenye jeraha majini. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huacha vinundu vya ngozi visivyopona upesi. Vikikutokea, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Na usimwachie beta mtoni. Huku si kwao.

Anayepona usimrudishe haraka. Baada ya madoa meupe, tangi likikaa siku 10 bila samaki yeyote, maji yakiwa nyuzi 27, vimelea hufa kwa kukosa pa kujishikiza. Dondosha kijichembe cha chakula kila siku bakteria wa kichujio wasife njaa. Siku 3 za mwisho badilisha maji ya beseni bila kuongeza chumvi, na ya mwisho kabisa utumie maji ya tangi lenyewe, halafu umhamishe kwa kikombe, siyo kwa wavu, kwa kuwa nyuzi za wavu hunasa mapezi yanayoanza kuota.