Kama unatafuta ufuo karibu na Nairobi, nenda Magadi ukaone samaki

Kila Januari jua likianza kuchoma Nairobi watu huniuliza ni ufuo gani mtu anaweza kwenda asubuhi arudi jioni bila safari ya Mombasa, na jibu langu ni Ziwa Magadi. Ni kama kilomita 110 hivi, unapita Rongai, Kiserian, ukifika Corner Baridi barabara inaanza kushuka, inashuka tu hadi masikio yanaziba, manake unatoka juu ya mita 1,600 unaenda karibu mita 600. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa sita mchana kule kunachoma vibaya.

Wengi wakifika wanaona ule weupe wa magadi, wanapiga picha, wanasema hili ziwa limekufa. Mimi kazi yangu ni samaki na hiyo kauli inaniuma, kwa sababu samaki wako. Usiishie mjini, endelea hadi chemchemi za moto upande wa kusini, na uchukue kijana wa pale akuonyeshe njia umlipe vizuri, ukoko wa magadi unaonekana mgumu kama simiti lakini gari likizama ni shida.

Sasa chuchumaa. Usiguse pale maji yanapotokea, kwingine yanapita digrii 80. Yafuate yakitiririka hadi mahali mkono unavumilia, kama digrii 40, utaona mawe yenye utando wa kijani na visamaki vidogo kuliko kidole vinaukwangua kwa midomo, vinarudi nyuma, vinakwangua tena.

Huyo ni tilapia wa Magadi, Alcolapia grahami. Samaki wengi hutoa taka ya mwili ikiwa amonia kupitia matamvua, inapotelea majini basi. Lakini maji ya hapa pH yake inafika 10, yaani yana alkali nyingi, amonia haitoki vizuri, na ikibaki mwilini ni sumu, kwa hivyo huyu anaigeuza kuwa yurea, ile ile iliyo kwa mkojo wetu, alafu ndio anaitoa. Usiku oksijeni ikipungua anapanda juu kumeza hewa. Na mama anabeba mayai mdomoni, kwa maji hayo hayo! Miaka mingi nimemsoma na bado namstaajabia.

Zamani hapa palikuwa na ziwa kubwa lenye maji laini zaidi, likakauka pole pole, yeye akabaki. Ziwa halina mto wa kutoka, jua linabeba maji linaacha chumvi, ndio ile magadi mama anatia kwa maharagwe yaive haraka. Kampuni ya kuichimba ilianzishwa 1911.

Tafadhali usifue wala kuoga na sabuni kwa chemchemi. Nimeshakuta povu limejaa pale pale samaki wanapokula, na hawana kwingine pa kuhamia.

Beba maji ya kunywa mengi, kofia, na viatu vya kufunika vidole, magadi ikiingia kwa kidonda inawasha hadi usiku.