Kabla ya kuchagua mimea ya paa, uliza maji yatatoka wapi

Wateja wangu wengi huja wakiwa wameshachagua mimea. Wana picha kwenye simu, na wanataka paa lao lifanane nayo. Mimi huwauliza kwanza: wakati wa kiangazi mtamwagilia kwa maji gani?

Kinachopoza paa la kijani, yaani paa lililopandwa mimea, hasa ni maji. Lita moja ikigeuka mvuke huondoka na joto la kilowati-saa 0.68 hivi. Paa la mita za mraba 100 likipoteza milimita 3 za maji kwa siku, hizo ni lita 300, sawa na takriban kilowati-saa 200. Si joto lote hilo ambalo lingeingia ndani. Sehemu kubwa ingerudi hewani. Lakini paa jeusi la lami linaweza kufika nyuzi 70 mchana, na zege la chini yake lililopata moto hivyo huendelea kuuachia chumbani hadi usiku. Chini ya udongo wenye unyevu, zege halikaribii huko.

Chicago kuna mfano ninaoupenda. Mwaka 2001 paa la City Hall, jengo la serikali ya jiji, lilikuwa limeshapandwa bustani, huku nusu ya pili ya jengo hilohilo, iliyo mali ya kaunti, ikibaki na lami. Vipimo vya siku za joto vilionyesha upande wa bustani umepoa kwa nyuzi nyingi.

Sasa sedum, mmea mfupi ambao ni kipenzi cha wauzaji wa mapaa haya. Ina majani manene, huvumilia ukame, hukua kwenye udongo wa sentimita chache. Ila huvumilia kwa ubahili: maji yakipungua, hufunga vitundu vya majani mchana na kuvifungua usiku. Siku ya jua kali kuliko zote, ndipo inapovukiza maji kidogo kabisa. Unabaki na kivuli na tabaka la udongo, na hivyo navyo vinasaidia, lakini si upoaji ulioahidiwa kwenye brosha. Nyasi na mimea ya majani mapana hupoza zaidi, nayo hudai udongo mwingi na maji ya uhakika.

Udongo mwingi ni mzigo. Hata mchanganyiko mwepesi wa mawe ya volkano au matofali yaliyosagwa, ukiwa na kina cha sentimita 10 na umelowa chepechepe, unaweza kupita kilo 100 kwa mita ya mraba. Hesabu hiyo aifanye mhandisi wa miundo, tena kwa uzito wa udongo uliolowa. (Udongo wa shambani usiupandishe kabisa: ni mzito, hushikana na kuziba mifereji.) Na kabla ya kumwaga udongo, utando wa kuzuia maji ujaribiwe kwa kutuamisha maji juu yake, maana uvujaji ukigunduliwa baadaye, bustani nzima hung'olewa.

Anayenufaika zaidi ni mkazi wa ghorofa ya juu kabisa. Wa chini hatahisi kitu. Kama zege halibebi mzigo, au maji hayapo, mimi hushauri kupaka paa rangi nyeupe, inayorudisha mwanga wa jua. Ni nafuu, haina uzito, na inachotaka ni kuoshwa vumbi mara kwa mara.